Vifaranga Ndani ya Koti la Bwana Tarumbeta

Siku vifaranga walipoingia nyumbani kwake, Fundi alikuwa amebana pini mdomoni, kwa hiyo hakuweza kukataa.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya kile kiwiliwili cha mbao anachotumia kuvalisha makoti, anapandisha pindo, pini zimejipanga katikati ya midomo yake kama meno ya ziada. Mlango ukasukumwa kwa goti. Mkewe akaingia kinyumenyume, amekumbatia boksi la katoni lenye matundu ubavuni, na boksi lenyewe lilikuwa linapiga kelele.

"Hiki ndicho chumba pekee kisicho na upepo," mkewe alisema, kana kwamba mazungumzo yalianza zamani na yeye alikuwa anayamalizia tu. "Madirisha umeyaziba mwenyewe vumbi lisiingie. Banda halijaezekwa, mvua ndiyo hii, na hawa watoto wa watu wakipigwa na baridi kidogo tu, hatuna kuku. Sasa kama una neno la kupinga, sema."

"Mmm!" Fundi alisema. "Mm-mm! Mmmm!"

"Ahsante, mume wangu. Nilijua utanielewa."

Hadi anamaliza kutema pini kiganjani, moja moja, asije akameza hata moja, boksi lilikuwa limeshatua juu ya meza yake ya kukatia, na mkewe ameshaenda kuleta maranda.

Fundi alikuwa mshona suti. Mtaani pale palikuwa na mafundi chungu nzima, wa bomba, wa redio, wa paa, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu walijua unamsema nani. Alikuwa mtu mwembamba, nadhifu kupita kiasi. Akiona uzi umeganda begani kwa mtu, hata msibani, mkono wake ulikuwa unauendea wenyewe. Chumba chake cha kazi kilikuwa hivyohivyo: cherehani karibu na dirisha, vitambaa rafuni vimekunjwa kama vimepigwa rula, kioo kirefu kisicho na alama ya kidole. Wanawe walipokuwa wadogo walikuwa wanavua viatu mlangoni na kuonyesha viganja kabla ya kuruhusiwa kuingia. Sasa walikuwa watu wazima, kila mmoja na mji wake, na humo ndani hakuna aliyeomba ruhusa tena. Kilichosikika ni cherehani tu, na ikinyamaza, saa ya ukutani.

Mkewe alikuwa dunia nyingine kabisa. Alipika maisha yake yote kwenye jiko la shule ya bweni, kwenye masufuria ambamo mtu mzima angeweza kujificha. Alipostaafu alirudi nyumbani na nguvu zake zote za kulisha shule nzima, akakuta wa kulishwa amebaki mmoja, naye hamalizi sahani. Alikaa wiki moja akihangaika kama mtu aliyepoteza funguo. Halafu asubuhi moja akasimama uani, akashika kiuno, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo nyumba hiyo itajilisha yenyewe.

Alianza na mchicha kwenye magunia. Vikafuata vitunguu kwenye ndoo zilizotoboka, kisha mapipa chini ya paa kukinga maji ya mvua, kisha sabuni ya kuchemsha mwenyewe, ambayo mwanzoni ilikuwa inatoa povu na ngozi pamoja, lakini baadaye ikatengemaa. Fundi aliwahi kukuta miche ya nyanya imeoteshwa ndani ya kofia yake. Hakugomba. Alimpa mkewe cheo cha Waziri wa Chakula, na kila jioni alikuwa anauliza, "Mheshimiwa Waziri, leo serikali inakula nini?" Naye Waziri alikuwa anajibu kwa fahari, kwa sababu kila siku kitu kimoja zaidi sahanini kilikuwa kimetoka uani kwao.

Yote hayo Fundi aliyakubali. Ila kuku. Kuku, alisema, ni vumbi lenye miguu. Na kulikuwa na sababu nyingine: lile koti.

Lile koti lilikuwa la Bwana Tarumbeta, kiongozi wa bendi ya matarumbeta iliyokuwa inatamba mjini. Huyo bwana alikuwa jitu. Akiingia mlangoni, chumba kilikuwa kinaingia giza. Sauti yake ilikuwa inatokea mahali fulani chini ya mkanda, na wapiga ngoma wake, vijana wa kiume wenye ndevu, walikuwa wanatetemeka akikunja uso. Aliagiza koti la sufu ya buluu iliyokoza, nakshi za dhahabu mabegani, bitana nene iliyotiwa pamba ndani kwa sababu bendi ilikuwa inapiga uwanjani kwenye baridi ya asubuhi. Kitambaa kilichoingia pale kingetosha pazia la ukumbi. Fundi alilishona kwa heshima kama mtu anayejenga nyumba ya ibada, na sasa lilikuwa limebakiza pindo, vifungo na jaribio la mwisho.

"Unyoya mmoja," alimwambia mkewe jioni hiyo, "unyoya mmoja tu juu ya koti lile, na mimi nahama."

"Vifaranga wa siku moja hawana manyoya ya kudondoka, wana malaika tu, vinyweleo laini. Utahamia wapi?"

Fundi alifikiri. "Kwenye banda."

"Halijaezekwa," Waziri alisema.

Basi vifaranga wakakaa. Waziri aliwazungushia uzio wa mbao nyembamba pembeni mwa chumba, akamwaga maranda, akaning'iniza taa ya joto kwenye ndoano ambayo Fundi alikuwa anatundikia suruali. Akamkalisha mumewe akamfundisha, atake asitake. Wakijazana chini ya taa, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni na kuachama midomo, wanaungua. Wakitawanyika ovyo huku wanapiga soga, wana raha zao.

"Kama wageni harusini," Fundi alisema.

"Umeelewa haraka kuliko nilivyotegemea."

Fundi alifunika rafu zake kwa mashuka, akalivisha koti la Bwana Tarumbeta mfuko wa nailoni, akageuza kiti cha cherehani awape vifaranga mgongo. Aliapa kwamba hatawatazama. Lakini kumpa kifaranga mgongo ni jambo moja, kutomsikia ni jingine. Cherehani ikianza kunguruma, wote walikuwa wananyamaza, wamesimama wima, vichwa upande, kama wanafunzi mwalimu akiingia. Ikisimama, makelele yanaanza upya. Fundi alijaribu mara moja, akajaribu tena, kuhakikisha tu. Akakanyaga kidogo, akaacha. Akakanyaga. Akaacha. Mkewe aliyekuwa anapita barazani akauliza cherehani ina tatizo gani.

"Naikagua," Fundi alisema.

Ni katika ukaguzi huo alipomwona mmoja ambaye hakusimama. Kifaranga huyo alikuwa amelala kifudifudi kwenye maranda, miguu yake imetawanyika huku na huku kama mkasi uliolegea skrubu. Wenzake walikuwa wanamkanyaga wakienda kunywa maji. Alikuwa anajikokota, anaanguka, anajaribu tena, bila hata kulia.

Fundi alitazama mlango. Mkewe alikuwa uani, anasikika anamwagilia mchicha na kuusemesha. Aligeukia cherehani, akashika kazi yake, akashona mshono mmoja, ukaenda upogo. Akaweka kazi chini.

"Haya, njoo," alisema. "Njoo tuone ulivyokatwa vibaya."

Kiganjani kwake kifaranga alikuwa mwepesi kama kipande cha pamba, ila moto, na ndani yake kitu kilikuwa kinadunda kwa kasi kuliko cherehani yoyote. Fundi alipima upana wa miguu kwa jicho, akachukua kipande cha lastiki nyembamba, akakizungushia kitambaa laini cha mahameli, akashona pingu mbili ndogo zilizounganishwa, zikaivuta miguu ikae chini ya mwili panapostahili. Alishona kwa mkono, subana ya kukinga sindano kidoleni, pumzi ameishika. Alipomrudisha chini kifaranga aliyumba, akapiga hatua kama mtu aliyevaa sketi ya kubana, akaanguka, akainuka, akafika kwenye maji. Akanywa, akainua kichwa juu kumeza. Fundi naye, bila kujijua, alikuwa amemeza mate.

Jioni Waziri alikuja kuweka chakula. Akachuchumaa. Akamgeuza yule kifaranga huku na huku.

"Nani amemvalisha huyu?"

"Sijui," Fundi alisema kutoka kwenye cherehani, bila kugeuka.

"Mshono wa mkono. Ncha za uzi zimefichwa kwa ndani. Na mahameli, jamani!" Waziri aliinuka taratibu. "Hatari hii. Kuna mwizi mtaani, anaingia kwenye nyumba za watu, anashona, anatoka."

"Dunia imeharibika," Fundi alisema.

Mkewe alimwekea mkono begani alipopita, akaubonyeza kidogo, akaenda zake kupika. Kuanzia hapo kifaranga yule aliitwa Bandi, ule mshono wa muda unaoshikilia nguo hadi mshono wa kweli uje. Baada ya siku chache miguu ilishika njia yake na pingu zikavuliwa, lakini jina likabaki. Na kiti cha cherehani, bila mtu kutamka neno, kikageuka kikaangalia uzio.

Siku ya mvua kubwa, Waziri alikuwa ameondoka mapema kwenda ng'ambo ya mto kwa kaka yake, kufuata mabati ya banda. Aliacha maagizo: maji, chakula, jicho kwenye taa. "Narudi mchana. Usiwaimbie sana wakasahau kula."

"Nani anaimba?"

"Mwizi," Waziri alisema, akafungua mwavuli.

Mvua ilianza kama utani, ikamalizia kama ugomvi. Mapipa ya Waziri yakajaa yakafurika, magunia ya mchicha yakainamisha vichwa. Adhuhuri haijapita, taa ya joto ikapepesa mara mbili na kuzimika, pamoja na umeme wa mtaa mzima. Ubaridi ukaanza kupanda kutoka sakafuni kama maji. Simu ikalia.

"Mto umepanda, daraja limefungwa!" Waziri alikuwa anapiga kelele kuushinda mvumo wa mvua. "Umeme upo?"

"Haupo."

"Uwii! Wape joto, mume wangu! Chemsha maji, tia kwenye chupa, zifunge vitambaa, waweke..." Simu ikakatika.

Fundi alikimbilia jikoni. Gesi ilitoa mwali wa buluu, ukakohoa, ukafa, mtungi ulikuwa umefika mwisho wake siku hiyo kati ya siku zote. Mkaa ulikuwa uani kwenye kapu, umelowa chepechepe. Alirudi chumbani na birika la maji yaliyokuwa yameanza tu kupata uvuguvugu. Vifaranga walikuwa wamejirundika pembeni, mmoja juu ya mwingine, rundo zima linalia kilio kimoja chembamba. Wa chini walikuwa hawaonekani kabisa. Alitumbukiza mikono akawatawanya wasikandamizane, wakajirundika tena. Alijaza chupa yale maji, akaifunga taulo, lakini kabla hajawasogezea vizuri ilikuwa imeshapoa. Akatupia shuka juu yao, shuka likawa jepesi mno. Alizungusha macho chumbani akitafuta kitu kizito, kinene, chenye pamba ndani.

Kilikuwepo kimoja tu, kwenye kiwiliwili cha mbao, ndani ya mfuko wa nailoni.

"Hapana," Fundi alisema kwa sauti.

Bandi alikuwa amebaki nje ya rundo, amesimama peke yake kwa miguu yake miwili, anamtazama.

"Nimesema hapana."

Kisha akavuta mfuko wa nailoni, akalitoa koti, akalivaa. Lilimmeza. Mikono ilipotelea ndani ya mikono ya koti, na mabega yenye nakshi za dhahabu yalimfika karibu na viwiko. Akaketi sakafuni, mgongo ukutani, akakunja miguu, akawakusanya vifaranga kwa viganja na kuwaingiza humo, wengine kifuani, wengine mapajani, wengine kwenye mifuko mikubwa ya ndani aliyoikata kwa ajili ya karatasi za muziki. Alipofunga koti mbele kwa mikono yote miwili, kilio kiliendelea kidogo, kikapungua, kikawa mnong'ono. Halafu alisikia kitu ambacho hakuwa amekisikia tangu wanawe walipoacha kulala kifuani kwake: viumbe wadogo wanajisogeza, wanatafuta mahali pao, wanapata, wanatulia. Mvua ilikuwa inatwanga bati. Fundi alianza kuwaimbia, polepole, wimbo usio na maneno ambao aliwabembelezea watoto wake. Kulea mimba si kazi, watu walisema, kazi kulea mwana. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kazi hiyo unaweza kuitamani tena.

"Hodi!"

Fundi aliganda.

"Hodi humu ndani! Fundi!" Sauti ilikuwa inatokea chini ya mkanda wa mtu. "Nimepitia kujaribu koti langu, mvua imenikamata njiani! Mlango uko wazi, naingia!"

Chumba kikaingia giza. Bwana Tarumbeta alisimama mlangoni, maji yanamchuruzika kama mnara wa maji unaovuja. Alitazama kiwiliwili cha mbao, uchi. Akatazama meza. Mwishowe akatazama chini, akamwona fundi wake amekaa sakafuni, amevaa koti la kiongozi wa bendi hadi masikioni.

Fundi alilibana koti kifuani kwa mikono yote miwili.

"Piu," koti lilisema.

Bwana Tarumbeta alikunja uso. Ule uso uliokuwa unawatetemesha wapiga ngoma ulishuka taratibu, ukaja karibu. "Fundi," alisema, "koti langu linalia."

"Bwana mkubwa, nitaeleza..."

"Piu, piu," koti likaongeza, na kati ya mikono hiyo miwili kikachomoza kichwa cha Bandi.

"Umeme umekatika," Fundi alisema, maneno yanamkimbia. "Mke wangu yuko ng'ambo ya mto. Gesi imeisha, mkaa umelowa, walikuwa wanakufa. Koti nitashona jingine. Kitambaa nitatafuta mwenyewe, bwana mkubwa, nitashona usiku na mchana."

Bwana Tarumbeta alikuwa anatazamana na Bandi. Akanyoosha kidole, kikubwa kama ndizi, na Bandi akakidonoa kwa uangalifu, kama mtu anayekagua bidhaa. Mashavu ya Bwana Tarumbeta yakaanza kutetemeka. Fundi alifumba macho. Alipofumbua, lile jitu lilikuwa linacheka, kicheko kisicho na sauti, mabega yanapanda na kushuka, mkono mmoja umeshika ukuta lisianguke.

"Hebu mimi," alisema alipopata pumzi. "Hebu mimi nivae."

"Lakini ukilivaa sasa, utawavaa na wao."

"Si ndiyo nasema? Wewe Fundi, usinielewe vibaya, lakini mwili huo una joto gani? Unawapasha kwa mifupa. Nitazame mimi. Mke wangu haulizi hali ya hewa tangu tuoane, ananisogelea tu. Lete hapa."

Akavua shati lililolowa, akajifuta kwa taulo la ile chupa, akaketi sakafuni kwa kishindo kilichotikisa rafu. Kumhamisha mtu mmoja kutoka kwenye koti na kumwingiza mwingine, vifaranga wakiwa wamo, ni kazi ambayo hakuna chuo kinachofundisha. Wawili walitorokea chini ya cherehani. Mmoja alipanda bega la Bwana Tarumbeta akaketi kwenye nakshi, kama cheo kipya. Lakini mwisho wake wote waliingia, na lile jitu likafunga koti, na joto lake likawapokea kama jiko lililokolea. Kilio kikaisha kabisa. Ikasikika ile sauti nyingine, ya soga, ya wageni harusini.

"Wamefurahi," Fundi alinong'ona.

"Wanapiga sauti ya juu," Bwana Tarumbeta alisema akitega sikio. "Hawana besi." Akavuta pumzi na kuanza kuvumisha midomo, noti moja nzito, ya chini, ya tarumbeta kubwa kuliko zote. Vifaranga wakanyamaza. Akavumisha tena. Mmoja akajibu, mwingine akafuata, na muda si muda bendi nzima ilikuwa inapiga ndani ya koti.

Fundi alicheka hadi machozi yakamtoka. Kisha macho yake ya kazi yakatua kwenye mkono wa koti. "Bwana mkubwa, nyoosha mkono kidogo. Hapana, polepole, usiwatikise. Mkono wa kushoto umezidi urefu." Akatafuta pini.

Waziri alirudi alasiri, amevuka mto kwa trekta la jirani wa kaka yake, matope hadi magotini, ameshajiandaa kwa kilio. Alikuwa amepanga hata maneno ya kumfariji mumewe. Alisukuma mlango wa chumba cha kazi, akasimama.

Mwanamume asiyemfahamu, mkubwa kama kabati, alikuwa amekaa sakafuni kwake, kifua wazi ndani ya koti la nakshi za dhahabu, amesinzia, anavumisha midomo kila akitoa pumzi. Vichwa vidogo vilikuwa vimechomoza kila penye upenyo. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele yake, anapandisha pindo, pini zimejaa mdomoni.

"Mume wangu," Waziri alisema, "huyu ni nani?"

"Mmm," Fundi alisema. "Mm-mm."

Bwana Tarumbeta akafungua jicho moja. "Shikamoo, shemeji. Samahani siinuki. Nina watoto."

Waziri alijishikilia mlangoni, akateleza taratibu hadi akakaa chini na matope yake yote, akacheka kicheko cha jiko la shule ya bweni, kile cha kusikika hadi mabwenini. "Marahaba, shemeji," alisema akijipangusa macho kwa khanga. "Kaa tu, kaa. Leo serikali inakula kila kilichopo."

Na walikula. Umeme ulirudi jua likikaribia kuzama, vifaranga wakarudishwa chini ya taa, na Waziri akakaanga mchicha wa magunia na vitunguu vya ndoo kwenye jiko aliloazima kwa jirani. Bwana Tarumbeta alikula kama watu wanavyopaswa kula, akaomba tena, akaomba tena, na Waziri alimpakulia huku uso umemng'aa, kwa sababu hatimaye alikuwa amepata mlaji. Koti lilikuwa na doa moja kubwa kwenye bitana na madogo kadhaa. Waziri aliyasugua kwa sabuni yake, yakatoka yote, likabaki lile moja kubwa, limefifia kama wingu, upande wa moyo.

"Nitabadilisha bitana," Fundi alisema.

"Ukiligusa nitakushitaki," Bwana Tarumbeta alisema. "Hilo ni langu na lao."

Siku ya onyesho la uwanjani, Fundi na mkewe waliwekewa viti vya mbele. Koti lilikaa mwilini mwa Bwana Tarumbeta kama vile lilichipuka pale. Katikati ya wimbo wa pili tarumbeta kubwa ilipiga noti moja ya chini, ndefu, na kiongozi wa bendi akageuza kichwa akawakonyeza. Watu hawakuelewa kwa nini fundi wao nadhifu na mkewe walikuwa wameegemeana, wanacheka kama watoto wanaofichana siri kanisani au msikitini.

Vifaranga nao hawakungoja mtu. Mabawa yalitoka, kisha mikia, kisha tabia. Walianza kuruka uzio, wakapanda meza ya kukatia, mmoja akapatikana ndani ya droo ya vifungo akidhani ni mahindi. Banda likaezekwa. Fundi alishona mapazia ya magunia kuzuia upepo, yenye pindo na kamba za kufungia, na Waziri alipomuuliza kama kuku wanahitaji pindo, alisema kitu kisicho na pindo hakijaisha.

Waliwahamisha asubuhi ya jua. Kutwa nzima kuku wadogo walikuwa wanachakura uani, na Fundi alikuwa chumbani kwake anafagia maranda ya mwisho, anapangusa kioo, anaondoa mashuka. Chumba kikarudi kuwa kama kilivyokuwa. Akakaa kwenye cherehani, akakanyaga kidogo. Akaacha. Akasikiliza. Akatafuta kazi nyingine.

Jua lilipoinama, makelele yakaanza. Kuku wote walikuwa wamejazana kwenye wavu wa banda, wanalia, hawataki kupanda kwenye miti ya kulalia. Waziri aliwabembeleza, akawarushia nafaka, akawafukuza kwa mikono. Wapi!

"Wana nini hawa?" alisema. "Chakula wameshiba, maji wanayo, joto lipo."

Fundi alikuwa ameshatoka na kigoda mkononi, suruali ya mteja begani na sindano imechomekwa kifuani kwa shati. Aliinama akaingia bandani, akaketi, akavaa subana, akaanza kushona vifungo. Kuku walimzunguka. Walimkagua viatu. Mmoja akapanda kwenye miti, akasogea akatoa nafasi, mwingine akafuata. Sauti zikashuka. Mwingine akaona miti iko mbali, akarukia bega la Fundi, akajikunja pale, shingoni.

Jirani alichungulia juu ya ukuta. "Jamani, Fundi! Umefukuzwa ndani?"

"Amepata uhamisho," Waziri alisema. Aliingia jikoni akarudi na vikombe viwili vya chai, akainama, akajibana na yeye humo ndani, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Goti lake likagusa la mumewe. Alimpa kikombe.

"Utakaa humu hadi lini?"

"Hadi walale."

"Na kesho?"

Fundi alikata uzi kwa meno, akaupima mwingine kwa mkono. Kuku aliyekuwa shingoni akatikisika, akaacha alama nyeupe mgongoni mwa shati jeupe lililopigwa pasi asubuhi hiyo. Waziri aliiona. Fundi aliisikia ikiteremka, vuguvugu.

"Kesho," alisema, "niletee taa ya mkononi. Humu hapaonekani vizuri kwenye vifungo vyeusi."